Alama Nane za Mama Mavazi

Katika kituo chetu cha sanaa kuna mtu mmoja tu ambaye kila mtu anamwogopa, na mtu huyo si Mkurugenzi. Mkurugenzi tunamheshimu, tena akiwa karibu. Anayeogopwa ni Mama Mavazi, mtunza stoo ya nguo za jukwaani: mama mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, pini kumi zimebanwa kwenye midomo, na bado anaweza kukukaripia kuanzia asubuhi hadi saa ya chai bila pini hata moja kuanguka.

Mimi nakaa mapokezi. Kazi yangu ni simu, wageni na mhuri. Nasema mapema kwamba mhuri ninao mimi, kwa sababu katika mkasa huu nina kosa langu, na afadhali nilitaje mwenyewe kuliko kusubiri litajwe na wenye midomo yao.

Mama Mavazi aliingia hapa kwa kazi ya wiki mbili, kupinda pazia jipya la jukwaa. Hiyo ni miaka ishirini na saba iliyopita. Siku aliyomaliza pazia alimwona mwigizaji mmoja amevaa koti la askari lenye vifungo vya rangi tatu. Akamvua papo hapo, mbele ya wageni, akaenda nalo nyumbani. Kesho yake akarudi na koti lenye vifungo vya rangi moja, akakaa, na hakuondoka tena. Barua yake ya ajira hakuna aliyewahi kuiona. Nadhani hata Mkurugenzi anaogopa kuitafuta.

Stoo yake iko nyuma ya jukwaa, chumba kirefu kisicho na dirisha. Nguo zimetundikwa kwenye mabomba ya chuma kutoka ukuta hadi ukuta, na harufu ya vidonge vya kuzuia nondo ni kali kiasi kwamba ukiwa na mafua unapona kwa lazima. Mezani kuna cherehani, pasi mbili, na daftari nene lenye jalada gumu. Kila nguo inayorudi kutoka jukwaani inakaguliwa. Mama Mavazi huigeuza ndani nje, huvuta mishono, halafu hunusa kwapa.

"Kwapa halidanganyi," husema, kisha huandika namba.

Namba hiyo ndiyo iliyotuletea balaa, kwa hiyo naomba mnielewe vizuri. Ni namba ya uchakavu, kati ya sifuri na mia. Sifuri ni nguo mpya ambayo haijawahi kuonana na binadamu. Kumi ni nguo ya kujivunia. Hamsini ni nguo ya yule anayesimama nyuma ya wenzake akishika mkuki. Ikivuka tisini, Mama Mavazi huchukua mkasi, huikata vipande, na vipande huenda kwenye ndoo ya kudekia jukwaa. Kwa ufupi, kadiri namba inavyopanda ndivyo unavyoikaribia ndoo. Kituoni tumeshazoea. Mcheza dansi akiamka na maumivu ya mgongo hasemi anaumwa. Anasema, "Leo jamani niko sabini na nne," na sisi tunampa pole.

Sasa, kila mwaka chuo kikuu hutuletea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Hukaa wiki nane. Huja na barua, daftari jipya na maneno marefu, na wiki ya kwanza huwa tunazunguka kuwatafuta kwa sababu wamepotea kwenye vyumba vya nyuma. Mwisho huja fomu ya chuo, ina nafasi ya maoni ya mwenyeji na chini kabisa kisanduku cha alama kati ya mia. Kwa kawaida Mkurugenzi huijaza mwenyewe, na kila mwanafunzi humpa sabini na mbili, awe hodari awe gogo, ili asije akaulizwa maswali. Ni mara mbili tu fomu hiyo imejazwa na Mama Mavazi.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka saba iliyopita, Mkurugenzi akiwa safarini. Mwanafunzi wa mwaka ule tulimbatiza Usingizi. Alikuwa na kipaji cha kulala wima, katikati ya majoho, ametulia kama aliyetundikwa nayo. Mwigizaji mmoja aliwahi kumvuta mkono akidhani amepata joho lake, na joho likapiga miayo. Akiwa macho ndiyo hatari zaidi. Aliipiga pasi kofia ya manyoya ya ndege. Halafu akapewa suruali ya mfalme apinde miguu miwili, yeye akaishona pamoja. Mfalme aligundua akiwa tayari gizani nyuma ya pazia, tarumbeta zinalia, hana muda. Aliingia kwenye sherehe ya kutawazwa kwake akirukaruka kama chura. Watazamaji walishangilia wakidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa, lakini mfalme mwenyewe mpaka leo ukimkumbusha anaondoka mezani.

Wiki nane zilipoisha, Mama Mavazi alimjazia Usingizi fomu yake. Alama: tisini na mbili. Maoni: "Anafaa kwa usafi wa jukwaa." Nikapiga mhuri bila kusoma, nikafunga bahasha, kijana akaenda zake na hatukumsikia tena.

Mara ya pili ni mwaka huu. Mkurugenzi aliwaona wacheza dansi wakijinyoosha kivivu, akavua viatu, akasema atawaonyesha jinsi watu walivyokuwa wakiruka enzi zake. Kuruka aliruka, sina neno. Tatizo lilikuwa kushuka. Mkono wake wa kulia ukafungwa plasta ngumu hadi kiwiko, na fomu ya mwanafunzi ikashuka ngazi kwenda stoo.

Mwanafunzi mwenyewe safari hii hakuwa mtoto. Alikuwa mama wa watu, miaka thelathini na tano, watoto wawili, aliyeingia chuo ukubwani baada ya kuwasomesha wadogo zake. Tulimwita Bi Mwanafunzi. Siku ya kwanza kabisa aliniambia pale mapokezi kwamba shule moja imemwahidi kazi ya kufundisha sanaa muhula ujao, kwa sharti moja tu, amalize chuo mwaka huu. Asipomaliza, nafasi anapewa mwingine. "Dada," aliniambia, "mimi sina mwaka wa kuchezea." Nilimpenda kuanzia hapo.

Na kazi aliijua. Usiku wa onyesho kubwa, malkia alisimama kutangaza vita, na gauni lake likapasuka mgongoni, kutoka bega hadi kiuno. Hotuba ile ni ndefu, haina mahali pa kutokea. Bi Mwanafunzi akaweka sindano kwenye meno, akatambaa kwa tumbo hadi nyuma ya kiti cha enzi, akaanza kumshona malkia huku malkia anaongea. Kila malkia alipoinua mkono kuwalaani maadui, sindano ilimchoma, naye akapiga ukelele, "Vita!" kwa sauti iliyotoka kwenye mifupa. Watu walitoka ukumbini wakisema hawajawahi kuona malkia anayeumia na nchi yake namna ile.

Baadaye Mama Mavazi aligeuza lile gauni ndani nje, akauvuta mshono mara tatu. Mshono haukuteleza. Akasema, "Mh." Nina miaka kumi na mbili hapa kituoni na ile "mh" sikuwahi kuisikia.

Siku ya fomu alikuja nayo mapokezi. Nilikuwa na simu sikio moja, mtu anataka kujua kama watoto wanaruhusiwa kuja na mbuzi.

"Mwanangu, hizi alama ni kati ya mia?"

"Ndiyo, mama."

"Kama zangu?"

"Kama zako," nikamjibu, kisha nikamwambia yule wa kwenye simu kwamba mbuzi haruhusiwi.

Ndiyo hivyo. Mdomo wangu ndio ulioponza watu. Mama Mavazi akaandika alama nane. Kwenye maoni akaandika, "Hali nzuri sana. Asiazimwe na vikundi vingine." Alikuwa anatabasamu. "Nane!" akaniambia. "Joho la mfalme lenyewe lina kumi na moja." Na mimi, mpumbavu wa kupindukia, nikampongeza, nikapiga mhuri.

Wiki tatu baadaye Bi Mwanafunzi aliingia mapokezi na barua mkononi, macho mekundu.

"Dada, mimi nimemkosea nini Mama?"

Barua ilisema mwenyeji wake amempa alama nane kati ya mia, kwa hiyo amefeli mafunzo na atayarudia mwaka ujao, isipokuwa kama mhadhiri atakayetumwa siku ya Alhamisi ataridhika kwamba kumetokea kosa. Niliisoma mara mbili. Nikamweleza mambo ya daftari, sifuri, mia na ndoo. Kwanza akacheka. Halafu akakumbuka ile shule, akakaa kwenye kiti cha wageni, akalia kama mtu mzima anavyolia, bila kelele.

Tulikwenda stoo pamoja. Mama Mavazi alisikiliza hadi mwisho, akatoa pini zote mdomoni, akazipanga mezani.

"Yaani chuo kikuu kizima," akasema, "kinahesabu kinyumenyume?"

"Ndivyo wanavyohesabu duniani kote, mama."

"Basi dunia nzima haijui nguo." Akamgeukia Bi Mwanafunzi na sauti ikabadilika. "Nisamehe, mwanangu. Aje huyo mhadhiri, nitamweleza, na ataelewa tu."

Alhamisi gari likasimama mlangoni. Akashuka bwana mmoja amevaa suti, kashika mkoba wa ngozi, anatembea kama mtu aliyelala kwa muda wa saa nane kamili. Nilimtazama, nikamtazama tena. Alikuwa Usingizi.

"Shikamoo, mama!" alisema alipofika stoo, akainama mpaka tai ikagusa meza. "Mama yangu! Unanikumbuka?"

"Marahaba," alisema Mama Mavazi, na uso wake ulionyesha kwamba anamkumbuka vizuri mno.

Akakaa, akaanza kusema kabla hatujamkaribisha maji. Alisema maisha yake yote alikuwa wa mwisho. Darasani wa mwisho, uwanjani wa mwisho, nyumbani baba yake alimwita mzigo mbele ya wageni. Hakuna aliyewahi kumpa hata hamsini. Halafu siku moja idara ikafungua bahasha kutoka kwetu, na ndani kuna tisini na mbili, alama ya juu kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa mafunzo.

"Nilijiambia, yule mama mkali, yule asiyemsifu mtu, ameona tisini na mbili ndani yangu. Basi zimo. Nikazitafuta, mama. Niliacha kulala. Nilisoma kama mwendawazimu. Nikapewa zawadi ya idara kwa alama ile, zawadi ikanifungulia mlango wa kufundisha. Ile fomu mama yangu mzazi ameiweka kwenye fremu, iko sebuleni, pembeni ya picha ya harusi yake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na mhuri wangu.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya kusaini. "Idarani walidhani labda hii nane ni kosa la kalamu. Nikawaambia jicho la mama huyu halikosei. Aliyejua kutoa tisini na mbili, akisema nane ni nane. Samahani sana, dada yangu," akamwambia Bi Mwanafunzi, "lakini ndivyo ilivyo. Nimekuja kwa ajili ya utaratibu tu. Nasaini, naondoka."

Bi Mwanafunzi alishika bomba la kutundikia nguo na vidole vikawa vyeupe. Mimi nikamvuta Mama Mavazi hadi nyuma ya majoho.

"Mama, sema ulisahau sifuri. Sema ulitaka kuandika themanini. Yaishe, kila mtu arudi kwao na furaha yake."

"Nisahau sifuri? Mimi?" Alinitazama kama vile nimempigia pasi kofia ya manyoya. "Na tena themanini? Nimwite themanini mtu aliyeshona malkia akiwa wima?"

"Lakini mama, huyu kaka utamuua."

Hapo niliona kabisa kwamba linamuuma. Mama Mavazi anaweza kukuvua koti mbele za watu, lakini hana roho mbaya, na kijana alikuwa amemwita mama mara saba. Akavuta pumzi, akarudi mezani, akalifungua daftari lake mbele ya Mhadhiri.

"Soma, mwanangu. Soma polepole."

Akasoma. Joho la mfalme, kumi na moja. Gauni la malkia, kumi na tisa, baada ya vita. Shati la mkulima, hamsini na mbili. Suruali ya mlinzi, themanini na nane, imechoka. Blauzi ya mjakazi, tisini na moja, imekatwa. Kidole chake kikasimama hapo. Siku hizi hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Kwa hiyo nane..."

"Ndiye bora niliyewahi kumpokea."

"Na tisini na mbili..."

"Kwenye ndoo, mwanangu."

Mhadhiri akalifunga daftari, akalifungua tena.

"Na yale maoni," akasema kwa sauti ndogo, "kwamba nafaa kwa usafi wa jukwaa? Idara ilisema maana yake nina nidhamu ya hali ya juu mbele ya watazamaji."

"Maana yake ulifaa kudekia."

Sitasema uongo, nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa mkono wa joho na nilicheka, halafu nikaona uso wake na kicheko kikakauka chenyewe.

Akatueleza jambo lilivyo. Kuirekebisha ile nane kunahitaji maelezo ya maandishi kutoka kwa mwenyeji, jinsi anavyohesabu. Maelezo yatawekwa kwenye faili. Na yeyote atakayeyasoma atakumbuka kwamba mama huyu aliwahi kujaza fomu nyingine, na ataifungua. Akaishika kalamu. Karatasi ilikuwa mbele yake tayari, nafasi ya saini imeachwa wazi. Sekunde tatu tu zingetosha. Bi Mwanafunzi angerudi mwaka ujao, shule ingempa nafasi mtu mwingine, na ile fremu ingebaki sebuleni na heshima yake.

Mimi nina hasira za karibu. Nilishaanza kumwandalia tusi, nalipanga vizuri ili limfike pamoja na suti yake. Bi Mwanafunzi ndiye aliyeongea kwanza.

"Mwalimu," akasema kwa huruma, "mama yako akiona ukuta mtupu, utamwambia nini?"

Mhadhiri aliomba maji, akanywa, akaomba mengine. Mwishowe akaikunja ile karatasi ya kusaini mara nne, akaitia mfukoni, na kalamu akamsogezea Mama Mavazi.

"Andika, mama. Andika jinsi unavyohesabu. Na uandike kwamba mwaka wangu ulihesabu hivyo hivyo."

Barua ile ndiyo iliyomvusha Bi Mwanafunzi. Idara iliigeuza nane yake ikawa tisini na mbili, na leo anafundisha, na nasikia watoto wanamwogopa kidogo. Mhadhiri aliitwa mbele ya wakubwa zake. Walicheka asubuhi nzima, wakasema zawadi imeshatolewa na kazi yake inaonekana, wakamwacha. Mama yake mzazi alielezwa kila kitu akakataa kuiondoa fremu. Alisema msumari umeshapigwa.

Lakini pale stoo siku ile hatukuyajua hayo. Mama Mavazi aliandika nusu saa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, kisha akatusomea kwa sauti. Alieleza sifuri na mia, alieleza ndoo, akaeleza mshono wa malkia ulivyovutwa mara tatu. Mwisho wa barua ulikuwa hivi:

"Kuhusu huyu mliyemtuma, ile tisini na mbili ilikuwa haki yake siku ile na siifuti. Ila nguo ikirudi hukaguliwa upya, na leo nimemkagua. Alikuwa na kalamu mkononi, angeweza kusaini akaenda zake, wala asingejulikana. Hakusaini. Namba yake ya leo ni tano."

Mhadhiri akajifuta uso kwa kitambaa alichokikuta mezani, na kwa heshima hatukumwambia kilikokuwa kinaelekea. Mimi nikapiga mhuri, safari hii baada ya kusoma neno kwa neno, na huku chozi langu linadondokea wino.

Bi Mwanafunzi peke yake ndiye aliyekuwa anakunja uso.

"Mama," akasema, "mimi nimetambaa kwa tumbo, nimeshona gauni gizani, nimepata nane. Yeye kukaa tu kwenye kiti anapata tano?"

Mama Mavazi alirudisha pini mdomoni moja moja kabla ya kumjibu.

"Wewe ulishona nguo ya mtu mwingine, mwanangu. Huyu amejifumua mwenyewe."